Je, Wajua? Maisha ya Ugenini Katika Mkonge wa Hale

Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf kutoka Florida. Asili yake ni Meksiko. Miche 62 tu ilinusurika safari, na kutokana nayo mashamba yakaenea hadi Korogwe na Hale, mkoani Tanga, kando ya Mto Pangani.

Wakataji wengi walikuwa wageni: Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe, Warundi, na Wamakonde wa Msumbiji. Kuanzia 1944, SILABU, ofisi ya wenye mashamba, iliwaandikisha kwa mikataba, wakaitwa manamba. Walilala kambini, wakala posho ya unga na maharage. Mkataji alifunga majani mafungu mafungu kwa ajili ya korona, mashine ya kutoa nyuzi, na mshahara ulitegemea kukamilika kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ya ugonjwa haikuhesabiwa, jambo lililowaumiza sana.

Mapumziko yalikuwa ya ngoma: Wamakonde walicheza sindimba, na kila kabila lilicheza ya kwao. Wengine walitembelea ndugu wa kambi jirani. Mkataba ulipokwisha, baadhi hawakurudi makwao; walioa, wakalima, wakazeekea Tanga.