Bunduki za Vita Kuu katika Ukanda wa Ziwa Viktoria

Ukusanyaji wa bunduki za kijeshi za zama za vita vikuu viwili vya dunia, ambao Marekani ni shughuli halali ya watu binafsi, haujapata nafasi Tanzania, ingawa mwambao wa Ziwa Viktoria wenyewe ulikuwa uwanja wa vita. Mwaka 1914 kombania ya 14 ya Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, ilikuwa na makao Mwanza. Waingereza waliishambulia Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915, na Mwanza ikaangukia mikononi mwao tarehe 14 Julai 1916.

Vita vilipoanza, ni kombania 6 tu kati ya 14 zilizokuwa na bunduki za kisasa. Nyingine zilitumia Mauser ya mwaka 1871, ambayo mtutu wake una kipenyo cha milimita 11, hujazwa risasi moja baada ya nyingine na hutumia baruti nyeusi, hivyo kila mshindo ulitoa wingu la moshi lililomfichulia adui mahali alipo mpigaji. Upungufu huo ulizibwa kwa nyara na kwa magendo ya baharini: katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka bunduki 455, na Aprili 1915 meli Rubens iliwafikishia Mauser mpya katika ghuba ya Manza, licha ya kuandamwa na manowari ya Kiingereza. Jeshi hilo liliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno, na hapo inaonekana wazi jinsi lilivyokuwa likiishi kwa silaha za maadui zake.

Kwa sababu hiyo bunduki ya vita hivyo ni hati ya kusomwa. Herufi K.S. kwenye Mauser humaanisha jeshi la kikoloni la Kaisari. Taji na mwaka chini ya bolti, yaani komeo la chuma linalofunga risasi ndani ya mtutu, huitambulisha Lee-Enfield ya Waingereza, inayobeba risasi 10. Nembo ya Mfalme Carlos huonyesha silaha ya Wareno. Namba za vipande zisipolingana, kuna uwezekano mkubwa kwamba bunduki imeundwa upya kwa mabaki ya nyingine kadhaa, na ili asifute alama hizo zote, mkusanyaji makini hapigi msasa kutu wala hapaki rangi kitako.

Sheria za Tanzania hazijaipa hati hii hifadhi ya wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ilichukua mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyolindwa moja kwa moja, kwa hiyo Mauser ya 1871 inakosa ulinzi huo kwa miaka minane tu, ilhali Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 huitazama bunduki kwanza kama chombo cha hatari. Mtazamo huo una haki yake, maana ukanda wa maziwa makuu umeumizwa mno na silaha haramu, na makusanyo ya watu binafsi majumbani yasingefaa hapa. Lakini kuyeyusha kila bunduki iliyosalimishwa bila kuichunguza ni kufuta ushahidi wa askari na wapagazi ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote. Jiji la Mwanza linastahili mkusanyo wa umma wa bunduki zilizoharibiwa mitambo zisiweze kufyatua, zikiwekwa pamoja na maelezo ya waliozibeba.

Mwananchi anayekuta bunduki ya aina hiyo shambani au darini asiiguse bolti, kwa kuwa risasi iliyokaa humo kwa miaka mingi bado inaweza kulipuka. Aiache ilipo na kuwaarifu polisi. Kabla haijateketezwa, namba, nembo na mwaka wake vinapaswa kupigwa picha, na mahali ilipopatikana kuandikwa, kazi ambayo mtumishi mmoja wa makumbusho anaweza kuimaliza kwa saa chache.