NYOTA NYEUSI YA SOMALILAND

Muhula uliopita nilikuwa nikichora bendera daftarini, mwenzangu akachungulia akacheka. "Wewe si ni wa Wajir? Bendera yenu si ni ile ya buluu yenye nyota nyeupe? Hii nyota nyeusi umeitoa wapi?" Nilinyamaza. Leo nimeshika kalamu nimjibu.

Bendera niliyoichora ni ya Somaliland, ambayo mji wake mkuu ni Hargeisa. Ina mistari mitatu ya kulala iliyo sawa kwa upana. Wa juu ni wa kijani, nao umeandikwa shahada kwa Kiarabu, kwa rangi nyeupe. Wa kati ni mweupe wenye nyota nyeusi ya ncha tano. Wa chini ni mwekundu. Kijani ni ustawi, nyeupe ni amani, na nyekundu ni damu ya waliokufa vitani. Bendera hii ilipitishwa Oktoba 1996.

Je, mbona nyota iwe nyeusi? Hapo ndipo penye kisa. Ile bendera ya buluu ni ya Somalia, na ilibuniwa mwaka wa 1954. Ncha tano za nyota yake nyeupe zilikuwa nchi tano walimoishi Wasomali: Somalia ya Mwitaliano, Somaliland ya Mwingereza, Jibuti ya Mfaransa, Ogaden kule Ethiopia, na ya tano, kumbe, ni NFD, yaani kwetu kaskazini mwa Kenya! Ndoto ilikuwa zote ziwe nchi moja.

Somaliland ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, na siku tano baadaye ikaungana na Somalia. Ndoa hiyo iliingia doa. Mwaka wa 1988 ndege za serikali ya Siad Barre ziliushambulia mji wa Hargeisa, na raia wengi mno wakafa. Serikali hiyo ilipoanguka, Somaliland ikajitenga tarehe 18 Mei 1991. Ndiyo sababu wengi hueleza kwamba nyota nyeusi ni ile ndoto iliyokufa.

Hata hivyo, bendera kupepea ni jambo moja, kutambuliwa ni lingine. Somaliland ina shilingi yake, bunge lake na uchaguzi wake, lakini Somalia huihesabu kuwa sehemu yake, nao Umoja wa Mataifa haujaipokea. Ilingoja zaidi ya miaka 30 kabla ya Israeli kutangaza kuitambua Desemba 2025.

Sasa nimgeukie mwenzangu. Ati bendera "yenu"? Ncha ile ya tano ilichorwa na watu wengine kabla mimi sijazaliwa. Bendera yangu ni ile tunayoipandisha pamoja kwenye gwaride kila Jumatatu, yenye ngao na mikuki. Wewe husimama kando yangu pale, tunaimba wimbo mmoja.

Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Basi siku nyingine, ndugu yangu, uliza kwanza, kisha ndio ucheke.