Ghala la Baruti, Ghala la Makala

Mwingereza hulitumia neno "magazine" kwa jarida litokalo kila mwezi, kwa ghala lihifadhiwamo baruti, na kwa kijisanduku cha bunduki kishikacho risasi, hata mgeni wa lugha hiyo akadhani kwamba ni maneno matatu yaliyofanana kwa sadfa, ilhali ni moja, tena si la Kiingereza.

Asili yake ni Kiarabu, makhzan, yaani mahali pa kuwekea akiba, ambalo wingi wake ni makhazin. Wataliana, waliofanya biashara na bandari za Waarabu, waliliita magazzino. Wafaransa wakasema magasin, wakaishia kuita hivyo duka lolote, maana penye shehena hapakosi mchuuzi. Waingereza wakalipokea katika karne ya 16, likiwa bado na maana ya bohari. Huko Morocco makhzan ilipanda cheo, hata serikali ya Sultani yenyewe ikaitwa hivyo.

Aghalabu watu huuliza jinsi bohari lilivyogeuka jarida. Yalikuwapo makaratasi mengi yaliyochapwa London mwanzoni mwa karne ya 18, yakisomwa leo na kutupwa kesho, ndipo mchapaji Edward Cave, mnamo Januari 1731, akatoa The Gentleman's Magazine kutoka lango la kale la Mtakatifu Yohana, mtaa wa Clerkenwell, akiazimia kuchuma humo yaliyo na faida na kuyaweka mahali pamoja yasipotee. Waama alimaanisha ghala hasa. Mwandishi Samuel Johnson, kabla ya kamusi yake ya 1755 kumpa sifa, alipata riziki kwa kumwandikia Cave. Na jina hilo la jarida moja likaenea hata likawa la majarida yote.

Ya bunduki hayana urefu: ghala la baruti lilikuwa la ngome na merikebu, na zilipoundwa bunduki za kufyatua mfululizo katika karne ya 19, kila moja ikapewa ghala lake dogo, mathalani bunduki ya Lee-Enfield ya mwaka 1895, ambayo ghala lake lilibeba risasi 10.

Nasi tunalo tawi la mzizi huohuo, nalo ni hazina, ambalo kila chama chenye mweka hazina hulitaja bila kujua udugu wake na baruti. Basi wapendao kuandika "magazini" kwa maana ya jarida nawasihi wawaachie askari neno hilo, kwani jarida tunalo, nalo latosha.