Fungate ndani ya gari la kukodi: safari ifunuayo tabia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, kwa wazee wetu wa pwani fungate ilikuwa siku saba. Maharusi walikaa ndani, chakula kikaletwa kutoka kwa wazazi wa mke, na somo akaingia na kutoka kuangalia mambo. Siku hizi vijana wengi huipeleka fungate safarini. Hutoka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, wakavuka bahari kwenda Unguja, wakakodi gari na kukizunguka kisiwa wenyewe. Wapo wazee waonao kuwa huko ni kuiga wageni, na wapo vijana waonao kuwa ni haki yao. Sisi tunaona la kuulizwa ni hili: je, safari hiyo inawajenga wawili hawa au inawabomoa?

Wanazuoni wametueleza kwamba neno safari, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kufunua, kwa kuwa safari huzifunua tabia za watu. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipomsikia mtu akimsifu mwenzake, alimuuliza iwapo amewahi kusafiri naye. Basi ndani ya gari hakuna somo wala shangazi. Wako wawili tu. Gurudumu likipasuka jua la adhuhuri, au njia ikipotea kwenye njia panda, hapo ndipo mke atakapomjua mumewe, na mume atakapomjua mkewe.

Mfano wa Mtume (S.A.W.)

Katika mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akirejea Madina kutoka Khaybar, alimuoa Bibi Safiyya (R.A.) na akakaa naye siku tatu njiani. Katika mapokezi ya Imam Bukhari, walima yake haikuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi, zikawekwa tende, maziwa yaliyokaushwa na samli. Na ulipofika wakati wa kupanda ngamia, Mtume (S.A.W.) alikaa kando ya mnyama akaliweka goti lake ili Bibi Safiyya alikanyage apande.

Tuzingatie mambo mawili hapo. La kwanza, karamu ilikuwa ya kile kilichopatikana. Kijana anayekopa kwa riba ili afungate ufukweni anamwingiza mkewe katika deni kabla hajamwingiza nyumbani. Asiye na uwezo wa siku saba aende siku mbili, na asiye na uwezo wa mbili abaki kwao. Ndoa yake haipungui kitu. La pili, upole huonekana katika jambo dogo. Kumfungulia mke mlango, kumuuliza kama amechoka, na kutomkaripia aliposoma ramani vibaya, hayo ndiyo magoti ya leo.

Gari ni amana

Kukodi gari ni mkataba wa ijara. Sheria yetu inataka malipo na muda vijulikane kabla ya kuondoka, wala visiachwe kwa neno la "tutaelewana". Mikwaruzo iliyopo iandikwe mbele ya mwenye gari, tairi la akiba na jeki vikaguliwe, na habari za bima na kibali cha kuendesha ziulizwe mapema, khasa kwa mgeni atokaye nje ya nchi. Baada ya hapo gari liko mkononi mwa mkodi kwa amana. Likiharibika bila ya uzembe wake wala kupindukia masharti, kwa asili hadaiwi. Akizembea, au akaficha alichokivunja, amekhini.

Barabara nazo zina haki. Katika njia ya kusini, karibu na msitu wa Jozani, yaliwekwa matuta ili kima punju wanaovuka wasigongwe. Ikiwa mnyama ametengewa tuta, sembuse watoto watokao madrasa na wazee wapandao baiskeli? Mwendo upunguzwe kila penye kijiji.

Yenye mazingatio

Njia hiyo ya kusini huwafikisha maharusi Kizimkazi Dimbani, ulipo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Jengo limekarabatiwa katika karne zilizofuata, lakini kibla ni kile kile. Kuswali rakaa mbili mahali walipoanza kusujudu waliotutangulia ni kumbukumbu bora kuliko picha mia.

Upande wa kaskazini ya mji, huko Kidichi, yapo mahamamu aliyoyajenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mapambo ya kuta zake yanatazamwa hadi leo. Hata hivyo Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba ndoa ile ilivunjika na bibi yule akarejea kwao. Jengo limebaki, ndoa haikubaki. Mwenye kudhani kuwa mapenzi hudumishwa na matumizi makubwa na asimame hapo kidogo.

Swala na staha

Wengi hudhani kuwa kila aliye katika matembezi hupunguza swala. Katika madhehebu ya Imam Shafi, masafa ya kupunguza ni kiasi cha kilomita 80 na kitu, na kutoka mjini hadi Nungwi ni kama 60 tu. Aidha, aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili. Mwenye shaka amuulize imamu wa karibu.

Paje na Jambiani, maji yakipwa, akina mama hushuka pwani kwenye mashamba yao ya mwani. Ile ni kazi yao, si maonyesho. Wapite maharusi kwa salamu na kwa mavazi ya heshima, wasimpige mtu picha bila ya idhini. Na siri zao wenyewe zisitoke chumbani kwenda kwenye simu za watu, kwani Mtume (S.A.W.) amelikemea vikali jambo la mume kuitangaza siri ya mkewe.

Wazazi wenzetu, tusiwazuie vijana kwenda, wala tusiwaache waende bila ya wasia. Gari litarudishwa kwa mwenyewe baada ya siku chache. Mke na mume wataendelea na safari yao, nayo ni ndefu zaidi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu mapenzi na huruma alizozitaja katika Suratur-Rum, na awarejeshe salama. Amin. Wabillahi tawfiq.