Fahamu: Uwiano wa chembe za damu unavyofichua maambukizi kwa kichanga
Kichanga kikigoma kunyonya, kusubiri ni hatari. Kuotesha vijidudu vya damu maabarani huchukua siku mbili au tatu, na si kila kituo kinaweza. Lakini majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu hutoka siku hiyohiyo. Daktari hulinganisha aina za chembe nyeupe: bakteria wakivamia, nutrofili mara nyingi huongezeka kuliko limfosaiti. Nutrofili changa zikizidi asilimia 20 ya nutrofili zote, shaka ya maambukizi hukua. Lakini nutrofili hupanda zenyewe saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, na kwa mtoto aliyezidiwa huweza kushuka. Uwiano pekee hautoshi kabisa! Asiyenyonya, mwenye homa au mwili wa baridi, au anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, apelekwe hospitali, hata usiku wa manane.