Kabla Hujapanda Farasi, Muulize Mwalimu Cheti



Kila Oktoba wanachama wapya hunifuata kuniuliza habari za klabu ya farasi. Huu ni mwaka wangu wa tatu kupanda farasi hapa Uingereza, kwa hiyo nimeshayazoea maswali yao. La kwanza huwa ni bei. La pili, je, farasi anauma? Lakini hakuna anayeuliza: huyo anayefundisha, nani kampima?

Jamani, hilo ndilo lingetangulia. Farasi ni karibu nusu tani, na mfuko wa plastiki ukipeperuka tu anaweza kuchomoka na wewe mgongoni. Hapo usalama wako unamtegemea mtu aliyekuchagulia farasi huyo.

Sheria inasemaje? Kwa hapa Uingereza, ukiacha Scotland na Wales, kuna kanuni za mwaka 2018. Anayekodisha farasi lazima awe na leseni ya halmashauri, aitundike mahali panapoonekana, na farasi wakaguliwe na daktari wa mifugo. Halmashauri humpa na nyota, kuanzia 1 hadi 5. Safi kabisa. Ila leseni hiyo inaangalia zaidi farasi, banda na uendeshaji. Kuhusu anayekusimamia ukiwa juu ya tandiko, kanuni zinataka mtu anayewajibika mwenye miaka 16 au zaidi. Cheti cha kufundisha hakidaiwi. Mtu yeyote anaweza kujiita mwalimu.

Kuna yadi moja, sitaitaja, nilimuuliza kijana aliyekuwa akitufundisha cheti chake kiko wapi. Akaninyooshea kidole ukutani. Kwenda kusoma, kumbe ni leseni ya halmashauri! Ya kwake mwenyewe hakuwa nayo, na siku hiyo alikuwa na wanafunzi tisa peke yake.

Vyeti vipo. Vinavyojulikana zaidi hapa ni vya British Horse Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1947. Ngazi ya 1 ni kumtunza farasi na kumpanda. Kufundisha kunaanza kupimwa ngazi ya 2, halafu mtu anapanda hadi juu kabisa kwenye Fellowship. Wakongwe wengine wana cheti cha zamani kiitwacho BHSAI. Usidhani ni feki. Chama hicho pia kina orodha ya walimu waliothibitishwa, ambao lazima wawe na bima, mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kuwalinda watoto. Orodha iko kwenye intaneti, unatafuta jina bure.

Wapo watakaosema, "Mimi nimekulia juu ya farasi, cheti cha nini?" Sawa, lakini kupanda ni kazi moja na kufundisha ni nyingine. Mfungaji hodari si lazima awe kocha.

Kwa hiyo ukipiga simu, uliza haya:

1. Nani atanifundisha, na ana cheti cha ngazi gani?
2. Ana bima ya kufundisha?
3. Amesomea huduma ya kwanza, na lini?
4. Tutakuwa wanafunzi wangapi?

Mnaosoma huku mna watoto, ulizeni pia kama mwalimu amekaguliwa rekodi ya polisi.

Ukifika, tazama. Mwalimu wa kweli atakuuliza uzito wako na kama umewahi kupanda kabla hajakupa farasi. Atakagua kofia na mkanda wake kidevuni, na atakaza mkanda wa tandiko kabla hujapanda.

Najua kwetu mwalimu hahojiwi. Lakini huku wewe ndiye mteja, na pesa yenyewe umeitoa jasho kwa kubeba boksi usiku. Mwalimu mzuri hujibu maswali haya akitabasamu. Akinuna, mshukuru, panda basi urudi hosteli.