Jeraha la neva ya taya la chini

Jeraha la neva ya taya la chini ni madhara yanayoweza kuipata neva ya hisia iliyomo ndani ya mfupa wa taya wakati wa upasuaji. Neva hiyo, tawi la neva ya tano ya fuvu, huingia mfupani nyuma ya gego la mwisho, hupita katika mfereji chini ya mizizi ya meno na kutokea karibu na kidevu. Kazi yake ni hisia za meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu. Haichezeshi mdomo, hivyo ikijeruhiwa uso haupindi, ila sehemu hiyo hufa ganzi, na mgonjwa huweza kujiuma au kuungua kwa chai bila kujua.

Chanzo kinachojulikana sana ni kung'oa gego la mwisho lililokwama, ingawa ganzi ya kudumu huwapata chini ya mtu 1 kati ya 100. Nchini Tanzania ameloblastoma inastahili kutajwa zaidi. Uvimbe huu wa taya hukua polepole na kwa kawaida hauumi, kwa hiyo wengi huenda hospitali umeshakuwa mkubwa. Kwa mkazi wa Igowole, wilayani Mufindi, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko zaidi ya kilomita 500. Uvimbe mkubwa hulazimu kukata kipande cha taya, na mara nyingi neva huondoka nacho. Ukigunduliwa mapema, pengine neva huokolewa.

Kupona

Neva iliyobanwa au kuvutwa tu kwa kawaida hupona ndani ya wiki au miezi michache. Nyuzi zake zikikatika lakini ala ikabaki nzima, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Mchonyoto kama wa kutembelewa na sisimizi mara nyingi ni dalili njema. Iliyokatika kabisa hairudi vizuri bila kushonwa au kupandikizwa, na kazi hiyo hufaa zaidi ikifanywa katika miezi ya mwanzo. Baada ya miaka 2 mabadiliko huwa madogo.

Ganzi ya sindano huisha kwa saa chache. Ikidumu hadi kesho yake, mgonjwa anapaswa kurudi kwa daktari, ambaye hupima kwa pamba na ncha ya sindano na kuchora mipaka ya ganzi ili kuilinganisha baadaye. Vidonge vya vitamini B hutolewa sana, ingawa ushahidi wa kuwa vinasaidia ni mdogo.